Jacob Wainwright: Karani wa msafara wa Livingstone na somo lake kwa enzi ya akili mnemba

Na MWANDISHI WETU

MSAFIRI anayevuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa hupokewa upande wa bara na mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo limetokana na kengele ya Freretown, kijiji kilichoasisiwa mwaka wa 1875 katika ardhi ya Kisauni na chama cha wamishonari wa Kianglikana, CMS, ili kuwapa makao watu waliookolewa kutoka utumwani.

Kengele hiyo inakumbukwa na wengi. Wasiokumbukwa ni baadhi ya watu walioitumikia misheni hiyo wakiwa tayari wamekwisha kutenda jambo lililotikisa ulimwengu wa wakati wao. Mmoja wao ni Jacob Wainwright, karani wa msafara uliobeba maiti ya David Livingstone kutoka katikati ya Afrika hadi pwani.

Maisha yake yanafaa kusimuliwa upya leo, wakati ambapo wataalamu wa kompyuta wanaumiza vichwa juu ya swali ambalo wapagazi na makarani wa karne ya 19 walilijua barabara: Mwenye wasaidizi wengi ampe nani kazi gani, na kila mmoja aishie wapi?

Katika miaka ya hivi karibuni, kampuni za kompyuta zimevuka hatua ya kuunda programu zinazojibu maswali tu. Sasa zinaunda mawakala wa akili mnemba. Wakala wa aina hii hukabidhiwa jukumu, akatafuta habari, akaandika barua, akaagiza bidhaa na hata kulipa ada kwa niaba ya aliyemtuma.

Walioanza kuwatumia walitambua upesi kwamba wakala mmoja aliyepewa funguo zote ni hatari. Akikosea, kosa lake hupita milango yote bila wa kulizuia. Kwa sababu hiyo wabunifu wengi hugawa kazi: wakala mmoja hutafuta, wa pili huandika, wa tatu hukagua na wa nne huweka kumbukumbu. Kila mmoja hupewa idhini ya kugusa kile tu kinachohitajiwa na kazi yake.

Kwa mkazi wa Changamwe ambaye riziki yake ni kutoa shehena bandarini, wazo hili si geni. Wakala wa forodha hujaza hati lakini hajipitishii mzigo mwenyewe. Afisa wa ushuru huikagua hati lakini halifungui lango. Mlinzi hulifungua lango lakini hana ruhusa ya kubadilisha hata herufi moja katika hati. Hali kadhalika kivukoni Likoni, anayehesabu abiria si yule anayeiendesha feri.

Msafara wa Jacob Wainwright ulikuwa na mpango wa namna hiyo, na ndio uliouokoa.

KUTOKA KWA WAYAO HADI NASIK

Jacob alikuwa Myao. Akiwa bado mtoto alitekwa na kuingizwa katika biashara ya watumwa, iliyowapeleka maelfu ya watu wa kwao hadi Kilwa na kwingineko pwani. Manowari za Uingereza zilizokuwa zikiwinda majahazi ya watumwa baharini ndizo zilizomkomboa.

Hata hivyo, kukombolewa hakukuwa na maana ya kurudishwa nyumbani. Kama watoto wengine wengi wa aina yake, Jacob alipelekwa India, kwenye shule ya CMS iliyokuwa Sharanpur, mjini Nasik, katika jimbo la Bombay. Huko wavulana walifunzwa Kiingereza, dini ya Kikristo na kazi za mikono kama vile useremala na uhunzi. Jina la ukoo wa Kiingereza alilipatia huko.

Vijana hao walikuja kujulikana kama Waafrika wa Bombay. Walikuwa na ujuzi adimu katika pwani ya Afrika Mashariki ya wakati huo: waliweza kusoma na kuandika Kiingereza, na wakati huohuo kuzungumza na watu wa bara.

Ujuzi huo ndio uliompeleka Jacob kwa Livingstone. Henry Morton Stanley alikuwa amempata mvumbuzi huyo Ujiji mwishoni mwa mwaka wa 1871, na walipoagana Unyanyembe mwezi Machi 1872 aliahidi kumpelekea watu kutoka Zanzibar. Kundi la watu wapatao 57 liliwasili Agosti mwaka huo. Ndani yake mlikuwa na vijana kadhaa kutoka Nasik, Jacob akiwa mmoja wao.

Aliwakuta huko watu waliomtangulia kwa miaka mingi. Abdullah Susi, mzaliwa wa Shupanga kando ya mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa kutoka katika msafara wa watumwa mwaka wa 1861, walikuwa na Livingstone tangu alipoanza safari yake ya mwisho mwaka wa 1866. Alikuwapo pia Halima, mpishi ambaye Livingstone alimsifu katika shajara zake.

Katika daraja za msafara, basi, Jacob alikuwa mgeni. Cheo chake kilikuwa kalamu, na hakuwa na kingine.

USIKU WA CHITAMBO

Livingstone alikuwa akitafuta chemchemi za mto Nile, na kwa kosa la hesabu za jiografia alizitafuta katika mabwawa ya Bangweulu, nchi ambayo leo ni Zambia. Mvua, njaa na maradhi ya kuhara damu vilimmaliza. Mwishoni mwa Aprili 1873 watu wake walimbeba kwa machela hadi kijiji cha Chifu Chitambo, wakamjengea kibanda.

Usiku wa kuamkia Mei 1, kijana Majwara, ambaye kazi yake ilikuwa kulala karibu na mgonjwa, aliona mambo si ya kawaida. Hakuingia kuchunguza peke yake. Alikwenda kumwita Susi, naye Susi akawaamsha wakuu wenzake. Walipoingia walimkuta bwana wao amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Kilichofuata kinastahili kuzingatiwa na kila anayepanga kazi za wasaidizi, wawe watu au programu. Asubuhi watu wote waliitwa. Wakakubaliana kwamba Susi na Chuma, kwa kuwa ndio waliozoea zaidi taabu za safari, wawe viongozi, na kwamba wengine watawatii.

Kisha masanduku ya marehemu yakaletwa na kufunguliwa mbele ya macho ya wote. Jacob aliagizwa kuandika orodha ya kila kilichokuwamo. Akaandika.

Tazama jinsi kazi zilivyogawanywa. Waliofungua masanduku hawakuwa ndio walioandika. Aliyeandika hakuwa na mamlaka ya kuchukua wala kugawa. Na wote wawili walitazamwa na umma. Endapo kitu kingepotea njiani, kungekuwa na orodha ya kukitafutia, na endapo orodha ingetiliwa shaka, kungekuwa na mashahidi.

Wabunifu wa mifumo ya kompyuta hulifuata jambo hilohilo wanapomnyima mwenye kutenda ruhusa ya kuhariri kumbukumbu za matendo yake mwenyewe.

KILA MTU NA KAZI YAKE

Uamuzi mkubwa ulikuwa ni wa kuichukua maiti hadi pwani badala ya kuizika hapo. Hakuna aliyewaagiza, wala hapakuwa na mkataba uliowalazimisha. Wangaliweza kugawana nguo na shanga zilizobaki na kutawanyika.

Mwanzoni walikusudia kumficha Chitambo habari za kifo, wakihofia kutozwa faini. Chifu alipopata habari hakuwadhuru. Alikuja na watu wake kuomboleza.

Kazi ya kuupasua mwili alipewa Farijala, kwa sababu aliwahi kumtumikia daktari mmoja Zanzibar na kuona jinsi maiti inavyochunguzwa. Alisaidiwa na Carras. Moyo na viungo vya ndani viliwekwa katika kopo la bati na kuzikwa chini ya mti. Hapo Jacob aliitwa tena, kwa kuwa ndiye aliyeweza kusoma ibada ya maziko katika kitabu cha sala.

Mwili ulitiwa chumvi na kuanikwa juani kwa muda wa majuma mawili. Halafu ulikunjwa, ukafungwa kwa nguo, ukaingizwa ndani ya gome la mti lililobanduliwa likiwa zima kama bomba, ukashonewa turubai na kupakwa lami.

Farijala hakusoma ibada, na Jacob hakushika kisu cha tabibu. Susi na Chuma, ingawa ndio waliokuwa viongozi, hawakujitwalia kazi wasizozijua. Uongozi wao ulikuwa katika kumjua mwenye kuweza na kumwita wakati wake ulipofika.

Lakini Jacob alipewa kazi moja zaidi, nayo ilidhihirisha udhaifu wa mpango huo. Aliombwa achonge maandishi juu ya mti ule. Alichonga jina la Livingstone, tarehe, na majina ya wakuu watatu, akiwemo Manua Sera, aliyeliongoza kundi alilokuja nalo Jacob mwenyewe. Majina ya Susi na Chuma hayakuwamo.

Aidha, tarehe aliyoichonga ilikuwa Mei 4, 1873, ilhali shajara za mwisho za Livingstone zilipochapishwa, kifo chake kiliwekwa Mei 1. Hapakuwa na msomaji wa pili wa kuilinganisha. Alichokiandika karani kilisimama kama kilivyo, kwa sababu katika jambo hilo moja hakuwa na mkaguzi.

Mti huo ulikatwa mwaka wa 1899, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London kwenye Chama cha Kifalme cha Jiografia.

BARUA KWA CAMERON

Safari ilichukua miezi tisa. Maradhi yaliwaangusha wengi mwanzoni kabisa, na njiani walipigana vita na wenyeji wa kijiji kimoja. Walipoukaribia Unyanyembe walisikia kwamba kuna Wazungu waliokuja kumtafuta Livingstone, wakadhani mwanawe yumo. Jacob aliandika barua ya kueleza msiba na njaa iliyokuwa ikiwakabili. Chuma alitangulia nayo, akafika Oktoba 1873.

Aliyempokea alikuwa Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza. Cameron aliwashauri waizike maiti palepale, akiwaonya juu ya hatari zilizokuwa mbele. Alikuwa Mwingereza, afisa, na kiongozi wa msafara uliotumwa rasmi. Kwa desturi za wakati ule, neno lake lilikuwa zito.

Walimsikiliza, kisha wakakataa. Msaada wa nguo na chakula waliupokea, lakini juu ya maiti hawakumpa amri.

Huu ndio mtihani mgumu kuliko yote kwa mawakala wa akili mnemba. Programu inaposoma barua au ukurasa ulioandikwa na mtu wa nje, inaweza kukutana na maneno yenye sura ya amri, ikayatii kana kwamba yametoka kwa mwenye kuituma. Wataalamu bado wanahangaika kuifundisha itofautishe habari inayosomwa na agizo linalopaswa kutekelezwa. Wapagazi wale waliitambua tofauti hiyo bila kufundishwa.

Hata hivyo, ulinzi wao haukuwa kamili. Cameron alifungua masanduku na kuchukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu. Mpaka walioulinda kwa nguvu ulikuwa ule wa maiti. Mpaka wa masanduku ulipitika.

Walipofika Kasekera, wenyeji walikataa maiti ipite katika nchi yao. Msafara ulitengeneza mzigo wa mabua ya mtama, ukafungwa kwa nguo hata ukafanana na maiti. Watu wachache waliubeba kurudi Unyanyembe, wakitangaza kwamba wanakwenda kuzika, na usiku wakautupa porini. Maiti yenyewe ilifungwa upya kama robota la nguo, ikapita kati ya watu bila kutambuliwa.

Februari 1874 waliingia Bagamoyo.

KALAMU ILIPOCHUKUA NAFASI YA WOTE

Pwani mpango ule ulivunjika, tena kwa mikono ya watu wengine. Maafisa wa Uingereza walipokea maiti, wakawalipa watu ujira wao na kuwaachia waende. Hakuna aliyefikiria kwamba Susi na Chuma, walioongoza safari yote, walistahili kuisindikiza maiti hadi kaburini.

Aliyekwenda Uingereza alikuwa Jacob, kwa gharama ya CMS. Sababu haikuwa siri: alikuwa Mkristo wa shule yao na alijua Kiingereza. Meli ilitia nanga Southampton Aprili 15, na siku tatu baadaye, Aprili 18, 1874, Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey. Jacob alikuwa miongoni mwa wanane walioshika jeneza, pamoja na Stanley.

Picha aliyopigwa akiwa kando ya jeneza ilienea. Kwa wasomaji wa magazeti ya Uingereza yeye ndiye aliyekuwa sura ya msafara mzima. Msaidizi aliyekabidhiwa kalamu alichukuliwa kuwa ndiye aliyetenda yote, kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza kuzungumza nao moja kwa moja.

Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye kwa msaada wa James Young, rafiki wa Livingstone, wakati maziko yalikuwa yamekwisha. Walimsaidia Horace Waller kuhariri shajara za mwisho za Livingstone, zilizochapishwa mwishoni mwa 1874. Waller aliegemea zaidi simulizi zao, na sasa ikawa zamu ya Jacob kufifia.

Shajara ya Jacob mwenyewe ilichapishwa mwaka huohuo kwa Kijerumani. Ilingoja hadi mwaka wa 2019 ndipo maandishi ya mkono wake yalipowekwa kwenye intaneti ili kila mtu ayasome. Chama cha Kifalme cha Jiografia kilitengeneza nishani za fedha kwa ajili ya watu wa msafara, lakini wengi wao walikuwa wamekwisha kutawanyika.

KISAUNI NA URAMBO

Jacob alirudi Afrika Mashariki na kuitumikia misheni ya CMS katika pwani ya Mombasa, wakati ambapo Freretown ilikuwa ikianzishwa. Kijiji hicho kilihitaji hasa watu wa aina yake: walimu, makarani, wakalimani na mafundi waliokuwa wameuonja utumwa wenyewe. Historia ya jamii hiyo ilikuja kuandikwa na James Mbotela katika kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka wa 1934.

Mwenzake wa Nasik na wa msafara, Matthew Wellington, ambaye jina lake la Kiyao lilikuwa Chengwimbe, alikaa katika pwani hii hadi uzeeni, akaja kujulikana kuwa wa mwisho kubaki hai kati ya waliombeba Livingstone. Alifariki mwaka wa 1935.

Jacob hakutulia pwani. Alirudi bara, na mwaka wa 1892 alifariki Urambo, magharibi mwa Tabora, si mbali na njia aliyoipita akiwa na maiti ile. Chuma alikuwa ametangulia mwaka wa 1882, na Susi mwaka wa 1891.

SOMO KWA WABUNIFU WA LEO

Kuna tofauti ambayo haifai kufichwa. Susi, Chuma, Farijala, Halima na Jacob walikuwa watu. Walikuwa na khofu, fahari na dhamiri, na waliamua wenyewe kuifanya kazi ambayo hakuna aliyewalazimisha. Programu haina fahari ya kupoteza wala kaburi la kukumbukwa. Kuwalinganisha watu hao na mitambo bila kusema hivyo kungekuwa kurudia dharau waliyotendewa pale Bagamoyo.

Lakini mpango wao unaweza kuigwa. Viongozi waliokubaliwa na wote, kazi kwa yule anayeijua, orodha inayoandikwa mbele ya mashahidi, na mgeni kusikilizwa bila kukabidhiwa amri. Mambo hayo manne yaliwapitisha katika safari ya zaidi ya kilomita 1,600.

Makosa yao nayo yanafunza. Mti wa Chitambo unaonyesha kwamba mtunza kumbukumbu asiye na mkaguzi anaweza kukosea tarehe na kuwaacha nje walio wakuu kuliko yeye, hata kama hana nia mbaya. London inaonyesha jambo zito zaidi: watu humwamini yule anayesema nao, wakadhani kwamba anayajua yote anayoyasimulia.

Leo mtu anapofungua simu yake na kuuliza habari za mzigo wake bandarini au za deni lake la benki, sauti moja laini humjibu. Nyuma ya sauti hiyo huenda kuna mawakala kadhaa, kila mmoja na kazi yake, na baadhi yao huenda wamekosea. Mbunifu mwaminifu ataiwezesha sauti hiyo kusema ni wakala gani aliyefanya nini, nani aliyekagua, na ni wapi uwezo wake unapoishia.

Jacob Wainwright hakuomba kuwa sura ya msafara. Alikuwa karani wake. Kumtendea haki ni kumrudisha mahali pake, mkononi mwake kalamu na mbele yake masanduku yaliyo wazi, huku Susi, Chuma na wenzao wote wakiwa wamesimama kumzunguka.